Ungwana wa Sauti: Dini, Siasa na Burudani Hewani

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii ya wahenga ni kongwe kuliko redio, lakini inaieleza redio barabara. Katika miji ya Waswahili, kabla ya kuja kwa nyaya na mitambo, jambo la umma lilitangazwa kwa pembe iliyolizwa mitaani, na aliyeisikia aliacha shughuli zake akatega sikio. Pate na Lamu zilikuwa na siwa zao, ya Pate ikiwa ya pembe za ndovu na ya Lamu ikiwa ya shaba, ambazo zilipulizwa katika harusi na sherehe nyingine za koo za kiungwana. Misikiti ilikuwa na adhana. Na ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara, katika kijiji cha Frere Town kilichoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa, ilitundikwa kengele iliyowaita watu ibadani na kuwaonya pindi watekaji wa watumwa walipokaribia. Mahali hapo pangali panaitwa Kengeleni.

Sauti hizo zilikuwa na kazi mbalimbali. Mbiu ilikuwa ya mtawala, adhana na kengele zilikuwa za dini, siwa ilikuwa ya sherehe na utukufu. Kila moja ilikuwa na mahali pake, na msikilizaji alimjua aliyeipuliza au aliyeipiga, tena aliweza kukutana naye sokoni kesho yake akamuuliza. Utangazaji ulipokuja ulizikusanya sauti hizi zote ndani ya kisanduku kimoja kilichowekwa sebuleni, ukamwondoa msemaji machoni pa msikilizaji. Kuanzia hapo mhubiri, waziri na mwimbaji wakawa wageni wa nyumba ile ile, wakiingia bila kubisha hodi na kuondoka bila kuaga. Je, mgeni wa namna hii anafungwa na adabu gani? Nchini Kenya, swali hili lina neno lake mahsusi, nalo ni neno ambalo mtangazaji mmoja alilitia masikioni mwa taifa kwa zaidi ya nusu karne: ungwana.

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Frere Town mwaka 1940, katika ukoo uliotokana na watumwa walioachiliwa huru. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho wanafunzi wa fasihi hawajaacha kukijadili. Wapo wanaokihesabu miongoni mwa hadithi ndefu za mwanzo za nathari ya Kiswahili, na wapo wanaokikosoa kwa jinsi kinavyowatukuza Waingereza na kuwabebesha Waarabu peke yao mzigo wa lawama. Mwana alijiunga na utangazaji mwaka 1964, mwaka ule ule ambapo serikali ya Kenya huru ilitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Mwaka 1966 akaanzisha kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? Kilikuwa kipindi kifupi kilichotazama tabia ndogondogo za kila siku, zile ambazo sheria haizigusi lakini jirani huziona, na kumwachia msikilizaji swali lililo katika anwani yake. Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84.

Neno alilolichagua lina historia inayostahili kuangaliwa kwa makini. Maana ya kwanza ya muungwana haikuwa mtu mwenye adabu. Muungwana alikuwa mtu huru, mzawa wa ukoo unaojulikana, kinyume cha mtumwa. Ungwana ulirithiwa, haukufunzwa. Mtumwa angeweza kuwa mpole, msema kweli na mkarimu kuliko bwana wake, lakini asingeitwa muungwana. Siwa haikupulizwa kwa ajili yake. Hata hivyo, neno halikukaa palipowekwa. Katika karne ya 19 wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Unguja na Mrima kuelekea bara, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa, walijiita waungwana mbele ya watu waliowakuta huko. Lugha yao ilipata jina kutokana na dai hilo, na ndiyo asili ya Kingwana cha Kongo. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, neno lilizidi kuiacha damu na kuhamia kwenye mwenendo. Lilipofika redioni miaka ya 1960, muungwana alikuwa yeyote asiyeruka foleni na asiyemdhalilisha mwenzake hadharani.

Iwe alikusudia au la, mtoto wa Frere Town aliyeketi mbele ya kipaza sauti na kuliuliza taifa zima juu ya ungwana alikuwa akiijibu historia. Babu zake hawakuruhusiwa kulivaa neno hilo, naye alilifanya kuwa kipimo cha kila mtu, wa ukoo mkubwa na asiye na ukoo. Lakini maana ile ya kale haikufa. Imelala chini ya hii mpya, na mtu akilifukua neno huikuta. Ungwana una nguzo mbili: uhuru na adabu. Asiye huru hawezi kuwa muungwana kamili kwa sababu maneno yake si yake. Aliye huru lakini asiye na adabu si muungwana pia, kwa sababu hatambui kwamba msikilizaji wake naye ni mtu huru. Kwa mizani hii ya nguzo mbili unaweza kupimwa utangazaji wa Kenya katika dini, katika siasa na katika burudani, na inaonekana kwamba historia yake ni ya nguzo moja kusimama huku nyingine ikiyumba.

Tangu mwanzo redio haikuzaliwa huru. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, nayo yalikuwa ya Kiingereza kwa ajili ya walowezi. Lugha za Waafrika ziliingia hewani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipohitaji kuzungumza na jamaa za askari waliopelekwa vitani. Mwaka 1954 Redio Kairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili ikiushambulia ukoloni, wakoloni walitambua kwamba mwenye kumiliki mawimbi anaweza kufika mahali ambapo hakuna askari aliyefika. Somo hilo halikusahauliwa na waliorithi madaraka. Chini ya Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilipewa tena jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, taarifa ya habari ilikuwa na mpangilio uliojulikana hata na watoto. Ilianza na rais. Akihutubia, ilianza na hotuba. Akizindua mradi, ilianza na mradi. Siku ya Jumapili ilianza na kanisa alilosali. Ibada ikawa habari ya siasa kwa sababu ya mtu mmoja aliyeketi safu ya mbele, na mhubiri aliyesimama mimbarini siku hiyo alijua kwamba hahubirii waumini waliomo kanisani tu.

Wakati huohuo kulikuwa na burudani, na haifai kuipita haraka kana kwamba ilikuwa pumziko baina ya mambo mazito. Kulikuwa na kadi za salamu, ambazo kwazo mkulima wa kijijini aliweza kulisikia jina lake likitajwa Nairobi na kuwafikia jamaa waliotawanyika katika miji na mashamba. Kulikuwa na matangazo ya kandanda, ambapo Mbotela mwenyewe alisifika kwa kuwaonyesha mechi watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa Nairobi. Katika runinga kulikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Katika miaka ya 1980 mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana ulibeba mafunzo ya uzazi wa mpango ndani ya kisa, na jina lake ukalitoa katika methali. Hizi zilikuwa nyakati ambapo sauti na msikilizaji walizoeana. Mtu humwamini aliyemchekesha na aliyelitamka jina la mama yake vizuri. Burudani, kwa hivyo, ilikuwa ghala la imani, na kila aliyetaka kulitumia ghala hilo kwa shughuli nyingine alikuta tayari limejaa.

Thamani ya ghala hilo ilidhihirika Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi, wakakiteka kituo cha Sauti ya Kenya jijini Nairobi. Walikuwa na bunduki, walikuwa na mitambo, walikuwa na kipaza sauti. Hata hivyo walimtoa Mbotela nyumbani kwake alfajiri, wakampeleka studioni na kumlazimisha kusoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nini hawakutosheka na sauti ya askari mmoja wao? Jibu laelekea kuwa rahisi. Tangazo la kwamba nchi imepata watawala wapya ni zito mno kuaminiwa kutoka kinywani mwa mgeni. Walihitaji sauti ambayo watu waliizoea katika kandanda na katika maswali ya adabu. Baadaye siku hiyo majeshi yaliyomtii rais yalikikomboa kituo, na sauti ile ile ikasikika tena ikiwaarifu wananchi kwamba serikali imerudi mikononi mwa wenyewe.

Tukio hili husimuliwa kama kisa cha kusisimua, lakini lina funzo kali kwa yeyote anayefikiria juu ya utangazaji. Katika siku moja msikilizaji aliambiwa mambo mawili yanayopingana na msemaji mmoja, kwa Kiswahili kilekile safi. Hakuna aliyeweza kumlaumu Mbotela, kwa kuwa mwenye kushikiwa bunduki hana hiari. Lakini hapo nguzo ya kwanza ya ungwana ilionekana kwa kutokuwepo kwake. Adabu ya mtangazaji ilikuwa kamili, matamshi yalikuwa sahihi, sauti ilikuwa ileile iliyopendwa. Uhuru ndio uliokosekana, na bila uhuru sauti iliyoaminika kuliko zote iligeuka kuwa tarumbeta ya yeyote aliyeushika mlango wa studio. Na ikiwa ndivyo ilivyokuwa mbele ya bunduki inayoonekana, msikilizaji mwenye busara angejiuliza juu ya miaka yote ambayo bunduki haikuonekana ilhali taarifa ya habari ilikuwa imepangwa tayari.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Kituo cha runinga cha KTN kilianza mwaka 1990, Capital FM ikafuata mwaka 1996, na mwaka 2000 Kameme FM ikaingia hewani kwa Kikuyu. Baada ya muda mfupi lugha nyingi za Kenya zilikuwa na redio zake. Furaha iliyokuwepo haikuwa ya bure. Bibi aliyesikiliza Kiswahili cha redio kwa kukisia nusu yake sasa alisikia habari kwa lugha ya nyumbani. Watu walipiga simu wakamwambia mtangazaji kwamba amekosea. Wasanii chipukizi walipata uwanja. Baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, wimbo wa Eric Wainaina uitwao Kenya Only ulichezwa mara kwa mara redioni na kuwapa wananchi maombolezo ya pamoja ambayo hotuba hazikuweza kuyatoa. Katika uchaguzi wa mwaka 2002 wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji uitwao Unbwogable uligeuzwa kuwa silaha ya kampeni ya muungano wa NARC, na pambio la kanisani likabadilishwa maneno na umati, likaimbwa mikutanoni kumuaga kwa kejeli rais aliyekuwa akiondoka. Dini, siasa na burudani zilikuwa zimekaa katika wimbo mmoja, na aliyejaribu kuzitenganisha angeupoteza wimbo wenyewe.

Uhuru basi ulikuwa umepatikana. Miaka mitano baadaye ikadhihirika kwamba ile nguzo ya pili, ya adabu, haikuwa imesimikwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kupingwa, nchi iliingia katika vurugu ambazo Tume ya Waki ilikadiria kwamba ziliua watu 1,133, mbali na mamia ya maelfu waliofukuzwa makwao. Tume hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2008, ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji miongoni mwa zilizochochea uhasama. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa miongoni mwa Wakenya sita waliotajwa na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mnamo Desemba 2010. Kesi yake ilikomeshwa Aprili 2016 bila yeye kupatikana na hatia.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kutisha katika uchochezi wa aina hii ni jinsi maneno yake yalivyo ya kawaida. Madoadoa ni neno la mtoto anayeeleza ngozi ya chui. Kwekwe ni neno la mkulima anayeandaa shamba lake. Mende ni mdudu wa jikoni. Hakuna kamusi inayoyahesabu kuwa matusi. Lakini shamba likiwa ni eneo la uchaguzi, kwekwe huwa jirani aliyehamia kutoka kwingine, na kitenzi kinachoandamana na kwekwe katika Kiswahili ni kung'oa. Msemaji hahitaji kukitamka kitenzi hicho. Lugha yenyewe humkamilishia. Ndiyo sababu Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa mwaka 2022 orodha yake ya maneno ya kuchunguzwa wakati wa kampeni, maneno haya matatu yalikuwemo.

Neno mende lina kumbukumbu nyingine, ya jirani. Nchini Rwanda redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu wengi hudhani kwamba redio hiyo ilikuwa ya hotuba za chuki toka asubuhi hadi jioni. La hasha. Ilipendwa kwa muziki wake mzuri, kwa mzaha wa watangazaji wake na kwa mazungumzo ya mtaani yaliyotofautiana na ukavu wa redio ya serikali. Vijana waliifungulia ili wacheke. Ghala la imani lilijazwa kwa nyimbo, kisha likafunguliwa kwa kazi nyingine. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwaka 2003 waasisi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Hukumu hiyo ilisomwa katika mji unaozungumza Kiswahili, usio mbali sana na mpaka wa Kenya, miaka minne kabla ya Kenya kuingia katika janga lake.

Upande wa dini nao ulipata uhuru wake. Mahali pa saa chache za ibada zilizogawiwa na kituo cha serikali pakawa na vituo kamili: Redio Waumini ya Kanisa Katoliki, Iqra FM ya Waislamu jijini Nairobi, Redio Rahma Mombasa, na vingine vingi vya Kikristo vya redio na runinga. Faida yake haiwezi kukanushwa. Mgonjwa asiyeweza kwenda msikitini husikia darsa akiwa kitandani. Mwezi wa Ramadhani familia hufuturu kwa wakati mmoja kwa adhana inayotoka redioni. Wafungwa na walinzi wa usiku husali na watu wasiowaona. Aidha, vituo hivi vimekitumikia Kiswahili kwa uaminifu kuliko vituo vingi vya burudani, kwa kuwa mahubiri na mawaidha hayawezi kufanywa kwa misimu ya wiki moja. Hudai msamiati, mifano na pumzi ndefu.

Lakini sauti inayosema kwa jina la Mungu ina nguvu ambayo mwanasiasa hana, kwa maana inamkataza msikilizaji hata kushuku. Mwaka 2014 uchunguzi wa runinga ulionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyowataka watu wapande mbegu ya shilingi 310 kwa simu ili waombewe, na jinsi miujiza ilivyotengenezwa. Watu walicheka. Nambari ile ikawa kichekesho cha nchi nzima, na wachekeshaji wakaigiza. Serikali ilipotoa Januari 2016 mapendekezo ya kanuni za mashirika ya kidini, viongozi wa dini waliyapinga na yakaondolewa. Mwaka 2023 kicheko kilikoma. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Mwokozi. Mahubiri ya kiongozi wao, aliyefikishwa mahakamani na kukana mashtaka, yalikuwa yametangazwa kwenye runinga na kusambazwa mtandaoni kabla ya waumini kuingia msituni. Waliomfuata hawakutoka Kilifi pekee. Sauti ilikuwa imewaita kutoka mbali, kama kengele, ila kengele ya Frere Town iliwaita watu ili wanusurike.

Mbele ya mambo kama haya, serikali zimekuwa na jibu moja lililo jepesi, nalo ni kuuzima mtambo. Tarehe 30 Desemba 2007 Waziri wa Usalama wa Ndani John Michuki alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vya Citizen, NTV na KTN vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya hafla ya Raila Odinga kujiapisha jijini Nairobi. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kutangaza maandamano moja kwa moja na ikavizima baadhi yavyo, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo siku iyo hiyo. Katika visa hivi vyote hoja iliyotolewa ilikuwa ya adabu na usalama. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkono uliozima haukuwa mkono wa msikilizaji. Ilikuwa ni kuijenga nguzo ya pili kwa mawe yaliyong'olewa katika nguzo ya kwanza. Kuzima sauti hakujawahi kuwafundisha watu ungwana. Kumewafundisha tu kutafuta sauti nyingine mahali ambapo hakuna mhariri, na katika zama za simu mahali hapo hapako mbali.

Katiba ya mwaka 2010 imeliona jambo hili kwa macho mawili. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo inasema kwamba uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Ibara ya 34 inaizuia Serikali kudhibiti au kuingilia watangazaji. Mtu akizisoma ibara hizi mbili pamoja ataona kwamba waandishi wake walikuwa wakitafuta kisheria kile ambacho Kiswahili kimekibeba katika neno moja kwa karne nyingi. Lakini sheria huja baada ya tendo. Mahakama ya Arusha ilikaa baada ya wafu kuzikwa, nayo Tume ya Waki vilevile. Ungwana unahitajika kabla, katika nukta ile ndogo ambapo mtangazaji amefungua kinywa na neno bado halijatoka.

Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana kazi ambayo haiwezi kuachiwa mawakili na wahandisi. Watangazaji wengi wa kesho wameketi katika madarasa ya isimu na fasihi leo. Wanajifunza ngeli, wanajifunza tamathali za usemi, wanajifunza kwamba istiari huhamisha sifa za kitu hadi kingine. Ni wachache wanaoulizwa istiari ya kwekwe humhamisha nani, na humpeleka wapi. Ni wachache wanaofundishwa kusikiliza mahubiri kama matini: nani anaruhusiwa kuuliza, nani anaambiwa anyamaze, kitenzi cha kuamuru kinarudiwa mara ngapi, na fedha inatajwa baada ya ahadi gani. Mwanafunzi anayeweza kuchambua utenzi anaweza pia kuchambua kipindi cha asubuhi, na pengine kipindi hicho kina wasikilizaji wengi kuliko utenzi wowote utakaowahi kutungwa.

Yapo makosa ambayo vipindi vya adabu vya zamani navyo havikuepuka. Ungwana uliozungumzwa kwenye redio ya serikali ulihusu zaidi majirani na wageni, na haukuweza kuuliza kama ni ungwana kumfunga mtu bila kesi. Mwenye kutazama nyuma asiyapambe yaliyopita. Lakini umbo la kipindi cha Mbotela lina jambo la kudumu, nalo halimo katika mafunzo yake. Limo katika sarufi ya anwani yake. Kina mhubiri anayeamuru kutuma shilingi 310 husema kwa kauli ya amri. Taarifa iliyoanza na rais ilisema kwa kauli ya taarifa isiyo na shaka. Mchochezi husema kwa fumbo, ili atakayetenda atende naye mwenyewe abaki mikono mitupu. Je, Huu ni Ungwana? ni kauli ya kuuliza. Yeyote anayeulizwa swali amekwisha kuchukuliwa kuwa mtu mwenye akili ya kupima na uhuru wa kujibu hapana.

Ikiwa kuna kipimo ambacho msikilizaji wa leo anaweza kukibeba kutoka redioni hadi runingani na hadi kwenye simu aliyonayo mkononi, basi ni hicho. Sauti inapoingia nyumbani, iwe ya sala, ya kura au ya muziki, inafaa isikilizwe kama inamwachia mwenye nyumba nafasi ya kuijibu. Isipomwachia, ana haki ya mwenye nyumba yeyote mbele ya mgeni asiye na staha: kumfungulia mlango akatoka.